Alama za Wigati

Bu Ngatirah, yaani Mama Ngatirah, mhudumu wa afya wa kujitolea wa kitongoji chetu, alinikuta nafua. Alikuwa na fomu ya zahanati. Nyumba ya kusuka mikeka, wanakokwenda wagonjwa wa akili mchana, ilibakiwa na nafasi moja, na alama za fomu ndizo zingeamua nani aipate: mwenye tabu nyingi ndiye mwenye alama nyingi. Niliitaka sana nafasi ile. Binti yangu Wigati ana miaka ishirini na tisa, na tangu aanze kusikia sauti, huu mwaka wa tisa, tumekaa wawili tunatazamana.

"Siku thelathini zilizopita, kuoga kumempa tabu kiasi gani?"

"Hana tabu."

"Kupika?"

"Hana tabu."

"Kwenda kwenye shughuli za majirani?"

"Hana tabu hata kidogo, Bu."

Nilijibu haraka kama niko mbele ya polisi. Karatasi naziogopa, niliona nikimsema vibaya watamchukua wakamfungie mbali. Bu Ngatirah akajumlisha, akavua miwani.

"Sifuri. Mimi na magoti haya sipati sifuri. Huyu akasuke mikeka ya nini? Aje ashike kazi yangu."

Wigati alikuwa ameketi mlangoni. Akasema polepole, bila kuniangalia, "Mbok ndiye ananiogesha. Mbok ndiye anapika. Mimi kisu sijakishika miaka."

Mbok ni mimi, mama yake, na ni kweli. Visu navificha ndani ya gunia la mchele. Hajawahi kumdhuru mtu. Ni mimi tu niliyeota ndoto mbaya ya kisu.

"Na kwa majirani?" Bu Ngatirah akamuuliza yeye.

"Siendi. Sijui kama naweza."

"Usichokijua siwezi kukiandika. Kesho Bu Suginem anamwoza binti yake, sote tunakwenda kumenya vitunguu. Njoo na kisu chako. Mama yako abaki."

"Peke yake?" nikauliza.

"Na wanawake arobaini. Wewe pumzisha macho."

Asubuhi nilimpa kisu kidogo, nikamtangulizia mpini. Alipoondoka nilifagia uwanja mara tatu. Kila kicheko kilipotoka upande wa kwa Bu Suginem, ufagio ulisimama.

Alirudi kabla ya adhuhuri, macho mekundu.

"Nani kakuliza, Nduk, binti yangu?"

"Vitunguu."

Alikaa na wale wanawake saa moja na nusu, akanieleza. Kisha kelele zao zikachanganyika na sauti zake, akaenda kujibanza penye kuni. Mke wa fundi baiskeli alimfuata na chai. "Kunywa," alimwambia. "Hata mimi wamenichosha, midomo haifungi." Wakanywa, akarudi kumenya kikapu kimoja zaidi, ndipo akaja nyumbani.

Jioni Bu Ngatirah alileta fomu mpya, akanikataza kufungua mdomo. Wigati alijibu yote. Kuoga hajui kama kuna tabu, hajaachiwa ajaribu. Kukaa na watu, tabu nyingi, lakini alikaa. Lilikuwa jambo gumu kumsikia akijisema hivyo, na gumu zaidi kwamba mengine yalinihusu mimi.

Nafasi akaipata: Jumatatu na Alhamisi. Jumatatu ya kwanza nilimtazama mpaka akapinda kwenye kona. Nikaingia ndani nivunje kuni za mchana, nikajinyoosha kidogo kitandani, jambo nisilolifanya jua likiwa juu tangu nimzae. Nilipofumbua macho Wigati alikuwa amesharudi, ameshawasha jiko.