Beseni Nne za Oili Chafu

Dada yangu aliomba niombewe. Alisimama katika ushirika wa akina mama, nyumbani kwake Komarock, mimi nikiwa sipo, akasema ana ombi kuhusu mdogo wake anayeishi ndani ya gari kule Kayole pamoja na mende na buibui, Mungu amfungue macho. Wakaomba, wengine machozi yakawatoka. Habari zilinifikia siku hiyo hiyo, kwa sababu mmoja wa akina mama hao ni mteja wangu wa mapazia. Ombi la namna hiyo ni kumtangaza mtu sokoni, ila tu linafungwa kwa amina.

Gari lenyewe ni nyumba kamili. Marehemu mume wangu alilinunua likiwa la kusambaza mkate, akalikata madirisha, akaweka vitanda viwili vyembamba, kabati, sinki na jiko la gesi, ili tulale humo tukizunguka na mitumba yetu kwenye masoko ya Barabara ya Kangundo. Alipofariki, injini nayo ikakataa kuwaka. Nikalivuta hadi kwenye uwanja wa fundi mmoja wa magari, nikalipandisha juu ya vyuma vinne, nikahamia. Cherehani imekaa pale tulipokuwa tukipanga mabelo ya nguo. Sijawahi kulionea aibu.

Kilichonichoma ni habari ya mama. Magoti yalipomkataa, alitolewa shamba akaja kwa dada, lakini moyo wake ulikuwa kwangu. Alipenda kuketi mlangoni pa gari akimenya njegere na kusalimiana na kila apitaye. Alikaa nami siku nane. Siku ya nane dada akaja kumjulia hali, akafungua kopo la sukari ajitilie kwenye chai, mende akatoka.

"Mama hawezi kaa hapa!" alipiga kelele uwanja mzima ukasikia. "Hii si nyumba, ni gari, na imejaa wadudu. Siku nitakuja nitafute nikose hata mmoja, ndio utarudishiwa mama."

Akamfungasha mama papo hapo. Mama alinishika mkono tu, akapanda teksi. Niliapa siku hiyo kwamba nitalipiza, kwanza kwa mende, kisha kwa dada.

Nilianza na matundu. Kila palipopita waya au bomba nilipaziba kwa kamba ya katani iliyolowekwa mafuta ya taa, juu yake nikapaka pati, ule udongo wa fundi wa kuzibia mabati. Yule muuzaji anayepita na kipaza sauti kinachorudia dawa ya panya, dawa ya kunguni, dawa ya mende, alinijua hata akawa anazima akifika kwangu. Sukari, unga na majani ya chai vilihamia kwenye mitungi ya vifuniko vya kukaza. Nilipompata mende nilimponda kwa soli ya kiatu cha marehemu, tena polepole, nikimwambia jina la dada. Buibui hawakuwa wamenikosea lolote, lakini walikuwa wametajwa kwenye ombi, kwa hiyo walihukumiwa pamoja na wenzao.

Mwisho nikakumbuka jinsi mama alivyokuwa akilinda kabati la chakula kule shamba, kila mguu ndani ya kopo la maji ili sisimizi wasipande. Nikanunua beseni nne, nikamwomba fundi aliinue gari kwa jeki, nikaweka kila chuma ndani ya beseni na kuijaza oili chafu aliyokuwa akiimwaga.

"Mathe, hii oili yote ni ya nini?" akaniuliza.

"Ya kuzuia wageni."

"Wageni wa miguu sita?"

"Hata wa miguu miwili wakijaribu."

Akacheka mpaka akaegemea jeki. "Hapo umeweza. Hakuna kitu itavuka hiyo."

Ngazi ya mlangoni nayo nilikuwa nikiivuta ndani nikishapanda. Gari likabaki limesimama peke yake, halijagusana na ardhi ya Kayole mahali popote. Na bado mende walikuwepo. Nilikuwa nikimaliza wiki bila kumwona hata mmoja, kisha Jumatatu namkuta mdogo, mwekundu, anatembea juu ya meza ya cherehani kama mwenye nyumba. Nililia kwa hasira. Nikaanza kuamini kwamba dada ana mkono wa kishetani.

Jibu nilikuwa nikililalia kila usiku. Kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nikienda Komarock kumwona mama, naye hakuniacha niondoke mikono mitupu. Alinifungia mukimo, chapati, ndizi, vyote ndani ya katoni ya sabuni au ya unga. Nami ni mtu wa mitumba. Mtu wa mitumba hatupi katoni. Nilikuwa nikizikunja na kuzisukuma chini ya kitanda, za kuwekea vipande vya vitambaa. Siku moja nilichana moja nimtandikie paka wa fundi, na katikati ya yale mawimbi ya karatasi wakamwagika mende wachanga, na vile vifuko vyao vya mayai, vya kahawia, vimepangwa kama maharagwe kwenye ganda.

Nilikaa chini. Kisha nikacheka peke yangu kwa sauti, maana Mungu alikuwa amemtia dada mikononi mwangu. Mende walikuwa wa Komarock! Walikuwa wa jikoni mwake, mwenye makabati ya kujengewa na vigae vyeupe, mwenye kuniombea.

Katoni zote nilizichoma moto, lakini Jumapili iliyofuata nilitaka uhakika. Katoni sikuiingiza garini. Niliifungua uwanjani juu ya shuka jeupe, nikaitikisa, na watatu wakubwa wakatimka. Niliwakamata kwa chupa ya jemu, nikatoboa kifuniko kwa msumari ili wasife. Niliwalisha makombo ya mkate. Sijawahi kumtunza mgeni kama nilivyowatunza hao watatu.

Ushirika ulirudi kwa dada Jumamosi moja saa tisa mchana. Nilivaa gauni langu zuri, nikaketi sebuleni kati ya akina mama, chupa ndani ya mkoba. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, leso magotini, akanitabasamia. Tuliimba, tukasoma neno, chai ikaletwa na keki. Kiongozi akauliza kama kuna mwenye ombi.

Nikasimama. "Mimi nina ombi," nikasema. "Dada yangu aliniombea kwa sababu ya wadudu, na mimi nataka kumrudishia wema. Mniombee dada yangu. Hawa wametoka jikoni kwake." Nikaiweka chupa mezani, kando ya keki.

Sitaficha, ilikuwa tamu. Vikombe vilitua kwenye sahani vyote kwa mara moja. Uso wa dada ukawa kama wa mtu aliyevuliwa nguo. Nilitaka dakika hiyo isiishe.

Ndipo mama akasema, "Hao ni wangu."

Sote tukageuka. Alikuwa akiikunja leso yake. "Mtoto wangu hana kosa. Nilikuja nao kutoka shamba, kwenye mizigo yangu. Mimi ni mtu wa moshi na matope, sikujua. Mnisamehe."

Haikuwa kweli. Mama wa shamba nilimjua, mwenye kufagia uwanja kabla jua halijatoka, mwenye kuweka miguu ya kabati ndani ya maji. Lakini dada, Mungu amwone, alishika uongo ule kwa mikono miwili. "Pole, mama," alisema. "Si kosa lako."

Akina mama wakainuka kusaidia, kwa bidii yote waliyokuwa nayo. Mlango alioketi karibu nao mama, niliodhani ni wa jikoni, ulikuwa wa stoo, kando ya jiko, na humo ndimo alimokuwa akilala. Jumapili zote nilikuwa nikimkuta sebuleni, wala sikuwahi kuuliza. Nguo zake hazikuwa na kabati, zilikuwa kwenye katoni. Wakatoa kila kitu uani: godoro, blanketi, kamisi zake, picha ya harusi yake na baba, Biblia yenye jalada la kitambaa nililoshona mimi. Vikatandazwa mchana kweupe, majirani wakichungulia kutoka ghorofani, vikanyunyiziwa dawa ya unga. Mmoja alishika kamisi ya mama kwa ncha za vidole. Mama alisimama akishikilia ukuta, anashukuru kila mtu. Mimi nilikuwa nimeiokota chupa mezani, nimebaki nayo mkononi.

Wiki mbili baadaye dada alikuja Kayole bila kuitwa. Alipiga magoti, akamulika chini ya kitanda kwa simu, akafungua kila mtungi. Hakupata mende, hakupata buibui, hakupata hata sisimizi. "Sawa," akasema bila kunitazama. "Mama aamue."

Nilimpigia simu mama kabla dada hajafika barabarani. "Mama, njoo! Hakuna hata mdudu mmoja."

"Hapana, mwanangu," akasema. "Nikija nitakuletea wale wangu, na wewe umepigana nao sana."

"Mama, si wako. Wewe unajua si wako."

"Nilisema ni wangu mbele ya watu," akasema. "Sasa nigeuke niseme nini? Nimwaibishe nani?"

Siku hizi Jumapili nikienda, ananisindikiza hadi getini mikono mitupu. Hanifungii chochote. Dada sijamsamehe, na yule aliyeibeba ile chupa kwenye mkoba simsamehe pia. Kitanda cha mama kimetandikwa tangu siku dada alipokuja kukagua, mto umeelekea mlangoni anapopenda kutazama. Kila asubuhi naongeza oili kwenye beseni, na hakuna anayevuka.