Kopo Ambalo Halikuandikwa

Jumanne, tarehe 7 Novemba 1995. Mawingu mazito tangu alfajiri, joto la kubana, mvua bado. Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari la gereji siku ambayo Salvator alikuja kuchukua gari lake.

Kila mwenye mashine ya kusaga, kuanzia Katumba hadi Mpimbwe, alimfahamu Salvator. Alitoka Burundi mwaka 1972 akiwa na miaka tisa, ameshika kitenge cha mama yake, Athanasie. Alijifunza ufundi misheni, baadaye akapata Land Rover chakavu akaigeuza nyumba: kitanda cha mbao nyuma, pazia, jiko la mafuta ya taa, ndoo ya maji iliyofungwa kwa mpira isimwagike. Akifika kijijini hutengeneza mashine siku mbili tatu, analala humo humo, kisha anasogea mbele. Watoto waliliita gari lile nyumba inayokohoa.

Katikati ya Oktoba gia boksi ilikufa akiwa njiani kwenda Kasansa kwa dada yake, Médiatrice. Gari likavutwa hadi gereji yetu hapa Mpanda mjini. Kipuri kilikuwa kije kwa treni kutoka Tabora, kwa hiyo lingekaa kwetu wiki tatu. Mimi nilikuwa karani wa stoo. Salvator alikataa kuondoka kabla hatujaandika kila kitu.

"Karani, andika na namba ya tairi la akiba."

"Bwana Salva," alicheka Gaudensi, fundi wetu mkuu, "na viroboto wa godoro tuwahesabu?"

"Wahesabu. Nikirudi niwakute wote."

Tuliandika vitu kumi na tisa. Betri ilihamia stoo, sanduku la spana likafungwa kufuli mbili, redio aliing'oa akaondoka nayo. Chini ya kitanda, nyuma ya mfuko wa unga, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kitambaa mdomoni. Nililiona. Sikuliandika, naye hakulitaja. Gereji huibiwa vitu vya chuma. Sote wawili tulikuwa tunalinda chuma.

Alipokuwa amekwishapanda lori la kwenda kazini Inyonga, akatoa kichwa akatuambia, "Nyie, unga na vyakula vya humo ndani tumieni tu, visije vikaharibika!"

Kopo lile lilikuwa na maharage ya mbegu, ya njano yenye jicho jekundu. Athanasie aliyavusha mpakani mwaka ule wa 1972 yakiwa yamefungwa kwenye pindo la nguo, akayapanda Katumba kila msimu. Sasa miguu ilikuwa imemkatalia shamba, na ukame wa mwaka uliopita ulimwachia kopo hilo moja. Alimpa mwanawe alifikishe kwa Médiatrice kabla ya mvua za kwanza. Salvator hakutaka kuzunguka nalo kwenye malori, akaona gari lililofungwa ndiyo salama yake. Kwake hayo hayakuwa chakula, na nadhani ndiyo sababu hakuyakumbuka aliposema vyakula tuvitumie.

Wiki ya pili Gaudensi aliyapika. Nakumbuka alivyoyaosha bombani, maji ya majivu yakatiririka hadi kwenye mlango wa stoo. Nakumbuka pia kwamba yaliiva upesi, na kwamba mimi niliongeza sahani.

Basi Jumanne hiyo Salvator alipita na orodha mkononi, akiweka alama. Vitu kumi na tisa, vyote vipo. Akatabasamu, akainama chini ya kitanda. Akapapasa huku na huku.

"Gaudensi, kulikuwa na kopo hapa."

"Lile la maharage? Hilo hapo, nimetilia bolti zako." Gaudensi alimletea. "Tuliyala, kaka. Si ulituambia?"

Salvator aliangalia zile bolti.

"Yalikuwa na majivu," alisema taratibu.

"Hata maharage ya kula tunayatia majivu, kuzuia wadudu. Kwani vipi?"

Akatueleza. Hakupaza sauti. Alipomaliza, Gaudensi alivua kofia yake, akawa anaikunja na kuikunjua.

"Yalikuwa matamu?" Salvator akauliza.

Mimi nilisema ndiyo, yalikuwa matamu sana, na mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri kumjibu.

"Nilisema mwenyewe," akasema. "Kwa mdomo wangu huu."

Gaudensi akamsogelea. "Sikia, Salva. Sokoni yapo ya njano. Tunajaza kopo, tunatia majivu, unampelekea dada. Mama yuko Katumba, miguu hana. Nani atajua?"

"Dada atajua yakichanua."

"Mpaka yachanue..."

"Mpaka yachanue mama anamwombea dada mvua, siyo? Kwa maharage ya sokoni."

Alimwaga bolti, akafuta kopo kwa shati lake, akaniomba kalamu. Chini ya kumi na tisa aliandika mwenyewe: 20. Kopo, tupu. Akatia sahihi kama mtu aliyepokea mali yake. Usiku ule alilala garini, uani kwetu, na mvua ya kwanza ikanyesha.

Ningeweza kuuliza. Neno moja tu, "Na humu mna nini?", nami kalamu nilikuwa nayo mkononi. Kwa miaka yote ya stoo sikuwahi kupoteza hata nati, na hilo nililokuwa nikijivunia sasa silitaji mbele za watu.

Asubuhi, Jumatano, ardhi ilikuwa imelowa na watu walipita na majembe. Salvator aliwasha gari, likakohoa, likakubali. Kopo alikuwa ameliweka kwenye kiti cha abiria. Kwenye njia panda hakushika barabara ya Kasansa. Alikata kwenda Katumba, kumwambia mama yake.