Uso Uliomtazama Mwendeshaji

Munyoki alikuwa mtu wa mkono mwepesi na ulimi mzito. Kule Dandora ukitaka jina la kinyozi liandikwe ukutani ulimtafuta yeye. Ukitaka porojo ulitafuta mtu mwingine. Baba yake alichonga twiga na vifaru vya mti kijijini Wamunyu mpaka vidole vikapinda, naye mwenyewe alishika patasi miaka sita kabla hajagundua kwamba watu wa Nairobi wanapenda rangi kuliko mti. Akaanza na mabango, akaingia kwenye vioo vya pikipiki. Mwaka huo wa themanini na tano kila mwenye pikipiki alitaka kioo chake cha mbele kiwe na kitu: huyu simba, yule tai, mwingine Bwana Yesu na kondoo. Wote walipitia chumbani kwa Munyoki, maana kazi hiyo aliifanya nyumbani, juu ya meza ya kulia, vumbi la nje lisimharibie rangi. Mkewe Ndanu alilalamika kwamba wanawake wenzake wananukia mafuta ya nazi, yeye ananuka tapentaini.

Sasa, kazi ya kioo ina inda yake. Kwanza si kioo hasa, ni plastiki ngumu. Pili, hupaki rangi upande utakaotazamwa. Unapaka upande wa pili, picha ionekane kupitia plastiki yenyewe, ikiwa laini na yenye kung'aa. Kwa hiyo kila kitu huenda kinyume. Ukichora uso, unaanza na ile nukta nyeupe ndani ya mboni, kisha mboni, kisha nyusi na midomo, na ngozi huja mwisho. Yaani macho kwanza, kichwa baadaye. Marehemu baba yake hangekubali. Mzee yule alikuwa na mwiko wake: macho ya kinyago aliyafungua mwisho kabisa, kwa sababu, alisema, kitu kikianza kuona kabla hakijakamilika kitaanza kuuliza maswali. Munyoki aliyacheka maneno hayo mbele ya watu. Hata hivyo kila alipomaliza macho aliyabandika plasta ya dukani mpaka uso mzima uishe, na hakuna mteja aliyewahi kuambiwa.

Mwezi wa Julai, siku zile ambazo jua la Nairobi halitoki na watu hutembea wamejikunyata, Mativo alikuja na kioo kwapani.

Mativo alikuwa mdogo wake Ndeti, na Ndeti ndiye habari yenyewe. Alikuwa tarishi wa ofisi moja mjini, mwimbaji wa besi kanisani, mume wa Syombua wa Kariobangi. Novemba iliyotangulia, ndugu hao wawili walikuwa wakitoka matangani juu ya pikipiki moja, ikaingia mtaroni. Ndeti akafa. Mativo akatoka na mkwaruzo wa kiwiko na maelezo mafupi: kaka yake alikuwa amelewa, na ndiye aliyekuwa akiendesha.

Maelezo hayo yalimzika Ndeti mara ya pili. Wazee wa kanisa waliamua kwamba mtu aliyejiua kwa pombe haimbiwi, na kwaya ikakatazwa kwenda. Munyoki alikuwa wa kwaya hiyo, sauti ya tatu, miaka minane bega kwa bega na Ndeti, na hakuwahi kumwona akionja hata busaa. Angesema hivyo. Hakusema. Siku ya mazishi alivaa joho lake, akaketi kitandani mpaka saa ikapita, akalivua. Syombua naye aliacha kwenda ibada baada ya kuona kila benchi analokalia linabaki lake peke yake, na mtaani watoto wake wakaitwa watoto wa mlevi. Jamani, binadamu! Maiti haulizwi sanda, lakini jina lake je?

Basi Mativo alitoa picha ya kipande ya marehemu, ile ndogo ya kitambulisho, akaomba uso wa kaka yake, ukubwa wa kiganja, pale chini ya kioo. Munyoki akamwambia ni wazo zuri, watu barabarani watamkumbuka.

"Asitazame barabara," Mativo akasema. "Anitazame mimi."

Munyoki akamweleza kwamba basi rangi itabidi ikae upande wa nje, na mvua itaila upesi. Mativo akasema mvua na iile tu. Alikuwa amekonda, na alizungumza akitazama mlangoni. Munyoki alipomuuliza sababu, alijibu kwa sauti ya chini.

"Tangu siku ile, kila nikipanda, kiti cha nyuma kinakuwa kizito. Nasikia tairi ikibonyea. Nikisimama nikageuka, hakuna mtu. Nimechoka naye kuwa nyuma, Munyoki. Nataka awe mbele, nimwone."

Munyoki alihisi baridi ikimpanda mgongoni, na haikuwa ya Julai. Lakini alikipokea kioo. Alijiambia kwamba hivi ndivyo atakavyomwimbia Ndeti wimbo aliomnyima.

Jumatatu alipaka macho, akayabandika plasta. Asubuhi plasta ilikuwa sakafuni. Ndanu akasema ni baridi, gundi haishiki. Akabandika nyingine, nayo ikaanguka kabla ya chai ya saa nne. Ya tatu hakuibandika tena. Alikitundika kioo kwa waya karibu na dirisha, rangi ikauke, na hapo yakawa macho mawili hewani bila kichwa, na nyuma yake unaona jiko na vikombe vya watu. Ndanu, mke wa miaka kumi na miwili, akaanza kubadilisha nguo nyuma ya pazia. Alisema kioo kikigeuzwa hivi au vile, macho yale yanautazama mlango, yanamngoja mtu.

Jumatano akafika kwenye midomo. Katika picha ya kipande Ndeti alikuwa amefumba mdomo, na Munyoki alichora mdomo uliofumbwa. Akazunguka upande wa pili, ule atakaokaa mwendeshaji, akaangalia. Midomo ilikuwa imeachana kidogo. Akarudi upande wake: imefumbwa. Akaifuta kwa tapentaini, akachora upya kwa mkono uliotulia, akazunguka. Imeachana. Mara ya tatu alimwita Ndanu bila kumwambia neno, akamwonyesha upande mmoja kisha mwingine.

"Huyu anataka kusema," Ndanu alisema, akachukua leso yake, akaenda kukaa kwa jirani mpaka jioni.

Munyoki aliogopa. Hatumfichi, mtu mzima, fundi, aliogopa mpaka akakaa kitako akiwa ameshika brashi. Na katika kukaa huko, maneno ya Mativo yakamrudia akilini. Kama Ndeti ndiye aliyekuwa akiendesha, basi Mativo alibebwa nyuma, na kitu cha mwisho alichokiona ni mgongo wa kaka yake. Angemsikia Ndeti mbele. Kwa nini basi amsikie nyuma? Lo! Mchana kutwa alikaa na swali hilo na hakupaka chochote. Kesho yake alipaka ngozi, akamaliza, akapitisha vanishi, na midomo akaiacha kama ilivyotaka kuwa.

Jumamosi adhuhuri Mativo alikuja na pikipiki. Alikifunga kioo mwenyewe kwa spana, akapanda, akashika usukani, akainua macho. Jirani aliyekuwa akianika nguo aliacha kuanika, akaingia ndani bila kujua kwa nini.

"Mfumbe mdomo," Mativo akasema.

Ilikuwa kazi ya dakika tano. Munyoki angepaka sharubu nene upande wa ndani, zifunike midomo yote, na mambo yakaisha. Brashi ilikuwa pale, rangi nyeusi ilikuwa pale, na Mativo alikuwa akimbembeleza, akimwita kaka. Munyoki akamtazama Ndeti pale kwenye kioo, kisha akamtazama Mativo.

"Mimi nilishamnyamazia mara moja," alisema. "Nani alikuwa anaendesha?"

Mativo alianza kulia kabla hajajibu. Alisema ni yeye aliyekunywa, kaka yake hata soda hakumaliza. Alisema Ndeti alikuwa nyuma, amemshika kiunoni, akimwambia polepole, Mativo, polepole. Kisha akapiga stati mara moja, mbili, mara ya tatu mguu ukakataa. Akashuka, akaanza kuisukuma pikipiki kuelekea Kariobangi.

Munyoki alimfuata, si karibu, si mbali. Watu njiani waliuliza kama petroli imeisha. Mativo alisukuma ameinamisha kichwa, na uso ule ukimtazama kutoka kwenye kioo. Darajani, penye lami laini, Munyoki aliangalia gurudumu la nyuma. Tairi ilikuwa imebonyea, kama inavyobonyea mtu mzima akikaa. Alifumba macho, akafumbua, bado imebonyea. Tangu hapo alitembea akitazama viatu vyake.

Syombua alikuwa mlangoni pake na ungo mapajani, akichambua maharagwe. Aliiona pikipiki, akaona kioo, akasimama. Alizunguka mpaka upande wa mwendeshaji, akainama, akautazama uso wa mumewe. Alirudi akaketi, akauweka ungo mapajani tena.

Mativo alikuwa ameshapiga magoti vumbini. "Shemeji," alisema, "siku ile mimi ndiye—"

"Ndeti akiendesha alivaa koti kinyume," Syombua akamkatiza, taratibu. "Mgongo wa koti kifuani, upepo usimwingie. Wewe wajua, na kila mwenye pikipiki hufanya hivyo. Koti nililokabidhiwa mochari lilikuwa na damu kwenye vifungo. Mgongo wake ulikuwa safi, hata tope hauna. Alilivaa sawasawa, kama abiria." Akaokota kijiwe katika maharagwe, akakitupa. "Nimejua tangu Novemba. Nilikuwa nakungoja uje mwenyewe."

Mativo alilaza paji la uso ardhini. Munyoki, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alijikuta ameuliza kwa nini basi hakusema, miezi yote hiyo, watoto wakitukanwa.

Syombua akauweka ungo chini, akamgeukia.

"Ningemwambia nani, Munyoki? Wewe uliyesimama naye miaka minane ulijua hanywi."

Munyoki aliketi chini vumbini, kando ya Mativo.