Chumba Kisichozimwa

Nyumba niliyokulia ilinuka kafuri. Msomaji wa Unguja au Mombasa atashtuka hapo hapo, maana kwetu kafuri ni ya maiti, haikai ndani ya nyumba ya watu wanaokula na kucheka. Lakini sisi tulikula na kucheka humo humo, ghorofa ya nne ya jengo moja la mtaa wa Al Muraqqabat, Dubai, juu ya fundi wa mabuibui na duka la simu, na harufu ile ilitoka katika chumba kidogo ambacho kwa haki kingekuwa stoo. Bibi, mama yake baba, alipokuja kutoka Unguja kuishi nasi, alisimama mlangoni na mizigo yake, akavuta pumzi, akauliza nani amefariki. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamshika mkono mama yake, akampeleka chumbani kumwonesha kwamba hakuna aliyekufa, ni pasi zake tu.

Zilikuwa pasi za msimu za mchezo wa besiboli wa Marekani, za zamani sana, za wakati ambao hata babu yake baba hajazaliwa. Mtu aliyekuwa nayo aliingia uwanjani msimu mzima bila kuulizwa kitu. Nyingine zilikuwa za karatasi ngumu, nyingine za ngozi, chache za fedha nyembamba zilizonakshiwa jina la mwenyewe, na nyingi alizozipenda zaidi zilikuwa za selulodi, ile plastiki ya kizamani yenye rangi ya pembe ya ndovu, ambayo ilitengenezwa kwa kafuri. Ndiyo iliyokuwa ikinuka. Baba hakuwahi kutazama mchezo wenyewe hata siku moja. Ungemuuliza nani hurusha na nani hukimbia, angekujibu kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani. Alikuwa mtunza bohari kule Dubai Investments Park, katika kampuni ya kufunga vyombo vya wageni wanaohama, na pasi ya kwanza aliiokota sakafuni walipokuwa wakifunga nyumba ya Mmarekani mmoja mtaa wa Mirdif. Akairudisha kwa mwenyewe. Yule bwana alishangaa kuona imerudi, akampa iwe yake, na akakaa naye juu ya boksi kumweleza pasi ile ilitumikaje. Tangu siku ile baba akapatwa na ugonjwa usio na dawa. Alitafuta pasi katika masoko ya mitumba ya Ijumaa, kwa wapakiaji wenzake, kwa watu wa kwenye mtandao aliokuwa akibishana nao usiku kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika.

Bibi hakuacha kumtania. Alisema mtu kukusanya tiketi za mchezo asioujua ni sawa na kuweka kadi ya mwaliko wa harusi ambayo pilau yake imeshaliwa. Baba alimjibu kwa adabu, lakini siku moja akasema jambo ambalo nililishika ingawa sikulielewa vizuri. Alisema katika mji huu kila kadi aliyonayo mfukoni, ya ukaazi na ya kazi, ina tarehe ya mwisho, na kila tarehe inamnyima usingizi. "Hizi muda wake umekwisha zamani, mama," alisema. "Hakuna wa kunifukuza kwa hizi."

Sasa selulodi haipatani na joto. Baba alifundishwa na mteja mmoja mzee kwamba ikipata joto huanza kujila yenyewe, na mvuke wake hula chochote kilicho karibu. Kwa hiyo chumba kile kilikuwa na kiyoyozi kilichonguruma usiku na mchana, mwaka mzima, na kilikuwa kitu pekee nyumbani kwetu kilichoruhusiwa kuwaka bila mtu. Mahali pengine pote baba alikuwa mkali wa umeme kuliko kampuni ya umeme yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, alituimbia hivyo mpaka tukachoka. Akitoka chumba chochote kiganja chake kilipita juu ya swichi zote kwa mpigo mmoja, taa, feni, kiyoyozi, bila hata kugeuza kichwa. Kwenye chumba cha pasi tu ndipo alipotumia kidole kimoja, akazima taa, akaacha swichi ya pili peke yake.

Tuliishi pia na Mueni. Alikuwa Mkamba wa Machakos, anafanya kazi ya kutandika vyumba katika hoteli ndogo mtaa wa pili, na alipanga kona ya sebule tuliyoizungushia mbao, kama wafanyavyo watu wengi pale mjini. Nilimpenda kwa wazimu. Alinisuka nywele, alinifundisha kutengeneza maandazi ya kwao yasiyo na iliki, ambayo Bibi aliyaita mikate ya wagonjwa na bado akayala yote. Mueni hakuelewa kabisa habari ya chumba kile. Alipofika mwanzo aliuliza, kwa nia njema tu, mbona mashine inawaka mahali pasipolala mtu na bili tunagawana. Baba alimweleza, naye akasema sawa Mzee, na hakuuliza tena. Lakini baba hakulisahau swali lile.

Nilikuwa na miaka kumi tulipokwenda Unguja mwezi mzima wa Agosti kwa harusi ya shangazi. Siku ya kuondoka ilikuwa fujo tupu. Teksi imeshafika, mama anamwita baba kutoka kwenye lifti, Bibi amesahau dawa zake, baba anazunguka chumba hadi chumba kuzima na kufunga. Cha mwisho kilikuwa chumba cha pasi. Alikifunga kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni, akamwambia Mueni, ambaye kazi yake haikumpa likizo, kwamba nyumba ni yake ila mlango ule asiuguse. Mueni akacheka, akasema hata kuuangalia hatauangalia.

Tulirudi siku ya Ijumaa karibu na adhuhuri. Ngazi zilikuwa na joto la tanuri. Baba hakusubiri hata kuvua viatu, alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wake, mimi nyuma yake kwa sababu nilitaka zile pasi za fedha nizioneshe ushanga niliopewa harusini. Alipofungua, kilichotoka hakikuwa kafuri niliyoizoea. Ilikuwa harufu kali, chungu, ya kuwasha macho, kama siki iliyomwagwa kwenye betri. Na hewa ya humo ndani ilikuwa ya moto na imetulia tuli. Mwanzo sikuelewa nilichokiona. Pasi za selulodi zilikuwa zimejikunja, zimegeuka rangi ya chai, zimetoa jasho la kunata na kushikamana zenyewe kwa zenyewe. Za ngozi zilimomonyoka baba alipozigusa. Za fedha zilikuwa nyeusi na kijani, majina yote yameliwa. Baba aliinua moja, ikakatika mkononi mwake bila sauti, na yeye akabaki ameshika vipande viwili, huku na huku, kana kwamba kuna mtu anapaswa kuja kuvipokea. Mama alifika akasema "Subhanallah."

Mueni alikuwa ametoka zamu, amelala, akaamka kwa sauti zetu. Alikuja akifunga khanga, anatabasamu kutukaribisha. Baba alitoka chumbani na sura ambayo mpaka siku hiyo sikujua kwamba anayo. Baba yangu alikuwa mtu wa sauti ya chini, hata kuku akichinjwa husimama mbali. Alimuuliza kama amekwenda kwenye boksi la swichi kubwa pale ukumbini kuteremsha umeme wa chumba kile ili kupunguza bili. Mueni hakuelewa. Alipoelewa, tabasamu likamtoka usoni polepole.

"Mimi sijagusa kitu, Mzee," alisema. "Harufu niliisikia, nikadhani ni ile ya kila siku."

"Kikulacho ki nguoni mwako," baba akasema, na alikuwa anamwambia mama, si Mueni, kana kwamba Mueni ameshaondoka. Kisha akamgeukia. "Khalas, basi. Chukua vitu vyako. Leo."

Bibi alijaribu. Alimwita mwanawe kwa jina, Khalid, subiri kwanza, hasira hasara. Baba hakusikia. Mueni hakubishana, na hilo liliniumiza kuliko kama angelia. Alikwenda nyuma ya mbao zake, nikasikia zipu ya begi. Alikunja sare yake ya kazini, akaweka viatu ndani ya mfuko wa plastiki, kwa utaratibu wa mtu aliyewahi kufukuzwa mahali pengine. Wakati ule wa mwaka, saa ile ya mchana, hata paka wa mtaani hawatoki chini ya magari. Niliwaza atakwenda wapi. Nilitaka sana mtu mzima aseme neno, lakini watu wazima wote walikuwa wanatazama sakafu.

Nikaingia tena chumba cha pasi, nadhani kwa kukwepa tu kumwona akiondoka. Nikanyoosha mkono kuwasha taa. Taa ikawaka. Basi umeme ulikuwepo. Nikatazama swichi ya pili, ile ya kiyoyozi ambayo nilikatazwa kuigusa tangu nilipoweza kutembea, na ilikuwa imezimwa. Nilitoka na kusimama katikati ya sebule. Sikupanga kusema, maneno yalitoka yenyewe. "Baba," nilisema, "AC imezimwa kwa swichi ya ndani. Na ufunguo ulikuwa nao wewe."

Kwetu mtoto hamwambii baba yake hivyo, tena mbele ya Bibi aliyemzaa. Mama alinifinya begani kwa nguvu. Bibi alishika mdomo. Mimi mwenyewe niliogopa nilichokisema, nikangoja kibao ambacho sikuwahi kupigwa na mtu yule. Baba alinitazama, kisha akanipita, akaingia chumbani. Kutoka sebuleni nilimwona amesimama mbele ya swichi. Baadaye nilikuja kuelewa: alikuwa anakiona tena kiganja chake mwenyewe, siku ile ya teksi na kelele, kikipita juu ya ukuta kwa mpigo mmoja.

Alipotoka, alikwenda mpaka mbele ya Mueni aliyekuwa ameshavaa viatu. "Ni mimi," alisema. "Nimezima mimi mwenyewe, Mueni. Nimekuonea. Nisamehe." Hakusema joto, hakusema haraka, hakumtaja mama aliyekuwa akimwita. Mueni alimkodolea macho kana kwamba amesemeshwa kwa lugha ya kigeni. Kisha akakaa juu ya begi lake, akalia kwa sauti, na baba akangoja amalize, akalichukua begi na kulirudisha nyuma ya mbao kwa mikono yake. Nimeona mengi tangu hapo, lakini sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka dakika ile. Kuharibika kwa pasi kulinitisha. Hili lilikuwa zito zaidi, maana nilidhani watu wazima hawawezi kukiri kosa.

Pasi zilizooza aliziweka kwenye mfuko mweusi, akazishusha mwenyewe. Mwaka uliofuata alianza tena kidogo kidogo, za karatasi peke yake, na Bibi kwa muda mrefu hakumtania. Mueni alikaa nasi mpaka mkataba wake ulipokwisha.

Leo mimi ni karani wa mapokezi katika hoteli, katika mji ule ule, na pasi za kila namna zimeingia ndani ya simu. Kazini kosa likitokea huwa ni la kompyuta, la dereva, la mlinzi, la yule aliyeacha kazi mwezi jana. Kwa miaka yote niliyofanya kazi sijamsikia bosi, madam wala sir, akilitamka lile neno la baba. Mwezi uliopita mgeni alikosa chumba kwa sababu nilifuta jina lake kwa bahati mbaya. Meneja alipouliza, mbeba mizigo wa Kiganda aliyekuwa karibu nami alikuwa ameshainamisha kichwa, amezoea kubebeshwa lawama. Nikasema ni mimi. Lilikuwa neno dogo, na lilikataa kutoka, nikalivuta. Baba alilisema mbele ya mke wake, mama yake, mtoto wake na mtu aliyekuwa amemfukuza, juu ya kitu alichokipenda na ambacho hakingerudi. Mimi nililisema mbele ya meneja mmoja, juu ya chumba ambacho kilipatikana baada ya nusu saa, na bado nusura nimwachie mbeba mizigo alibebe.