Maneno Aliyopewa Mama

Jirani yetu wa Mtinko ndiye aliyenipigia simu. Siku chache nyuma maksai wake wa kulimia walikuwa wameibwa zizini, nikadhani wamepatikana.

"Kaka, mama yupo gazetini," alisema. "Na picha yake. Wamelibandika pale dukani."

Kwanza nilifurahi, tena kwa wivu kidogo. Mimi ndiye mwenye shahada, ndiye ninayeandika makala ambazo mjini Singida hufungiwa maandazi, halafu mama ananitangulia kutoka na picha. Nikamwomba anitumie ukurasa ule kwa simu. Chini ya picha kulikuwa na jina la mama, jina la kitongoji chake, na ndani ya alama za kunukuu: "Wezi tunawajua, na siku ikifika tutawataja."

Mama anaishi peke yake. Mlango wake unafungwa kwa komeo la mti.

Nilipofika alikuwa uani anapepeta mtama. Nilimwamkia, akaitikia, nikamsomea.

"Hayo maneno ya nani?"

"Yako, mama."

"Yangu? Mimi nilimwambia yule kijana, watu wanasema wezi wanajulikana. Basi."

Kwetu habari nzito haibebwi na mtu mmoja. Hata mvua ikiwa inamlowesha, mama atakwambia watu wanasema inanyesha. Ni adabu, na ni ulinzi pia: ukisema hivyo, hakuna wa kukufuata nyumbani. Mwandishi aliona hayo "watu wanasema" ni makapi, akayapepeta, kisha akaongeza ya kwake kuhusu siku kufika.

Jirani alikuwa na namba yake. Nikampigia, nikaweka sauti ya nje ili mama asikie.

"Shikamoo mzee," alisema kwa upole. "Nilinyoosha tu, habari ipate nguvu. Usijali, tutasahihisha. Tutaandika mama amesema, 'Siwajui wezi na sitaki kuulizwa tena.'"

"Lakini hajasema hivyo."

"Si angesema tu, mzee?"

Mama alikuwa ameacha kupepeta. "Mwambie aache," alisema. "Wakisoma hivyo watajua nimetishwa. Na anayetishwa ni yule aliyeona kitu."

Nilimwambia kijana aache, nikakata simu. Kisha nikamwomba mama twende wote mjini, akae kwangu mpaka gazeti lisahaulike.

"Nikihama, nimekubali kwamba nilisema," alinijibu, akaendelea na mtama wake.

Siku ya mnada alivaa kitenge cha kanisani, akaenda moja kwa moja kwenye uwanja wa ng'ombe. Mimi nilimfuata nimebeba kikapu chake, natazama mikono ya kila mwanaume. Walikuwa na fimbo. Mnadani kila mtu ana fimbo. Sijui nilitegemea kuona nini.

Alisema kwa Kinyaturu, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni: "Mimi ndiye yule wa gazetini. Nilisema watu wanasema. Mimi mwenyewe simjui mwizi."

"Mama, kumbe hata hao watu huwajui?" dalali mmoja alipaza sauti.

"Hao nawajua. Wewe mmoja wao, juzi ulikuwa unasema pale dukani."

Uwanja ulicheka. Nami nilicheka, kwa nguvu kupita wote, kama niliyelipwa. Nyuma ya kicheko nilikuwa natafuta uso ambao haukucheka, nikaona nyingi, maana kuna watu wamekuja kuuza ng'ombe tu na hawana muda na mama yangu.

Wakati wa kurudi, kabla ya kuacha barabara, mwanaume mmoja alitupita. Alikuwa amejifunga shuka begani, hana mfugo. Akapunguza mwendo.

"Shikamoo mama. Tumekusikia."

"Marahaba, mwanangu," mama alijibu, bila kugeuza shingo.

Akaenda zake. Tulitembea mpaka yule mtu akapotea kwenye mashamba ya alizeti, ndipo mama akauliza:

"Umemjua?"

"Sijamjua. Wewe je?"

Alichukua kikapu chake mkononi mwangu, akakiweka kichwani.

"Basi wewe usije ukamwandika," alisema.

Nimeandika salamu yake tu. Hiyo niliisikia kwa masikio yangu, na sijaongeza neno.