Bibi Filomena Alirudi Bustanini

Sikuwa na homa siku ile, na pombe sijawahi kuionja. Naanza na hayo kwa sababu nawajua watu: ukifika katikati ya habari tayari wanakutazama machoni kuona kama uko sawa. Hili halikumpata jirani wa shangazi yake fulani. Lilinipata mimi, saa tisa mchana, jua linawaka, kwenye bustani ya nyuma ya nyumba moja North York, hapa Toronto, mwaka 2009. Kama unataka kucheka, cheka sasa tumalizane.

Kazi yangu ilikuwa kutunza wazee majumbani. Ndivyo nilivyomjua Bibi Filomena. Alikuwa Mgoa, wale Wahindi Wakatoliki, aliyezaliwa Tabora, baba yake karani wa reli, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani, cha taratibu, ambacho hata sisi tumekisahau. Siku ya kwanza aliposikia ninavyotamka jina lake alinishika mkono.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Morogoro, Bibi."

"Basi weka hilo begi chini. Dawa zitangoja. Kwanza tunywe chai."

Nilipangiwa kukaa naye masaa matatu kila siku. Lakini nilikuwa naondoka jioni. Mume wake, mzee Francis, alishafariki zamani, na mwanawe Melvin alikuwa akija Jumapili. Melvin alielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliokulia huku. Siku nyingine tulikuwa mimi, Bibi na paka wake watatu: Pilipili, Mama Mkubwa, na Karani, dume la kijivu lililopewa jina hilo kwa sababu lilipenda kulalia kila karatasi iliyowekwa mezani.

Sasa, wewe uliyeko nyumbani hujui baridi ya huku inavyomfanya mtu. Miezi mitano dunia inakuwa kama imefunikwa shuka la hospitali. Halafu asubuhi moja unasikia maji yanadondoka kwenye mabati ya pembeni mwa paa, na simu inalia. Ni Bibi. Hata salamu hakuna.

"Yamechomoza! Njoo!"

Alikuwa na maana ya vile vijimaua vya zambarau vinavyotoka ardhini hata theluji haijaisha. Nilikuwa nakwenda mbio. Tunawatoa paka nje, wanakanyaga majani yenye maji huku wanakung'uta miguu kwa hasira, sisi tunacheka. Baadaye tunapanda mchicha, kotimiri na bilinganya. Siku za jua zaidi tunabeba chupa ya chai na sambusa, tunapita mlango mdogo wa uani, tunashuka bondeni kwenye kijito kuangalia ndege wanavyorudi kutoka walikokimbilia baridi. Karani alikuwa akitufuata nyuma kama mbwa. Misimu mitano tulifanya hivyo. Niamini, katika mji huu sijawahi kuwa na raha nyingine.

Baba yangu alifariki mwaka 2006. Karatasi zangu za kuishi huku zilikuwa bado zinashughulikiwa, ningetoka, nisingerudi. Kwa hiyo walimzika bila mimi. Nililia jikoni kwa Bibi mpaka nikakaa sakafuni. Naye, na magoti yake yale mabovu, akashuka akakaa pembeni yangu.

"Utamkuta," aliniambia. "Mimi nitamkuta Francis wangu, wewe utamkuta baba yako. Ndiyo ahadi yenyewe, mwanangu. Kama si hiyo, sote tunasali kwa nini?"

Maneno hayo ndiyo yaliyonisimamisha. Mimi ni Mkatoliki, nilizaliwa humo, lakini nadhani siku ile ndiyo niliyoamini kweli.

Februari ya 2009 Bibi akafa. Moyo ulisimama usingizini. Gauni la bluu alilozikwa nalo nililichagua mimi. Nilimbusu kwenye jeneza, na nikaona jeneza likishuka. Nayasema haya ili usije ukaniambia labda nilimfananisha. Melvin akaniomba niwe napita kuwalisha paka mpaka nyumba iuzwe, nikakubali.

Ilikuwa mwisho wa Aprili. Nimefungua mlango wa mbele, paka hawakuja kunilaki. Nikaenda jikoni na kopo la chakula mkononi, nikaona mlango wa bustani uko wazi. Nikatazama nje.

Bibi Filomena alikuwa amechuchumaa kwenye tuta la maua, na gauni lake la bluu. Pilipili yuko mapajani, Mama Mkubwa anajisugua mgongoni kwake, Karani amelala chali mbele yake anakoroma kwa raha.

Kila ninayemsimulia ananiuliza: hukukimbia? Sikukimbia. Ungekimbia wewe? Miezi miwili nilikuwa nakula peke yangu, natazama ukuta. Aliyekaa na upweke muda mrefu hachagui mgeni. Nikatoka nje, nikasema kitu pekee kilichonijia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Yamechomoza siku nne sasa."

Nikachuchumaa pembeni yake. Sauti yake ilikuwa ileile, uso uleule. Akachota udongo kwa kiganja, akaupeleka puani, akautazama.

"Niambie," akasema, "unanukaje?"

"Udongo?"

"Mimi sisikii kitu."

Nikanusa. "Unanuka maji, Bibi. Kama mdomo wa kisima."

Akafumba macho, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Nikamshika mkono. Katika hadithi wanasema mkono wa maiti ni barafu. Huu haukuwa na baridi wala joto. Ilikuwa kama kushika meza.

Akasema twende bondeni. Tukaenda. Karani nyuma, kama kawaida. Njiani tulipishana na mzungu mmoja na mbwa wake mkubwa. Mbwa alikaa chini, akagoma kupita, akitetemeka. Yule bwana akanisalimia mimi, akaomba radhi kwa ajili ya mbwa. Bibi, yule bwana hakumwona kabisa.

Tukakaa kwenye gogo letu. Kijito kilikuwa kimejaa maji ya theluji, ndege wanapiga kelele juu ya matawi ambayo hayajatoa majani. Lilikuwa jua zuri, ule mwanga unaousubiri mwaka mzima. Bibi alikuwa anatabasamu. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Tungekaa tu, tukatazama ndege, na leo ningekuwa na kumbukumbu ya kunitosha hadi kaburini. Lakini mtu anapopata mlango wazi ataachaje kuchungulia?

"Bibi," nikamwambia, "baba yangu hajambo?"

Tabasamu likamtoka. "Usiniulize hilo."

"Umemwona? Ni mrefu, ana kovu hapa kidevuni. Anaitwa Kleofasi."

"Mwanangu, nimekuja kuwaona paka. Nimekuja kuona maua."

"Niambie tu kama hajambo. Sikumzika, Bibi. Unajua sikumzika."

Aliposema, hakunitazama.

"Sijamwona."

"Na mzee Francis?"

"Sijamwona mtu. Nimetembea, nimeita. Nimemwita Francis. Nimemwita mama yangu. Hakuna mtu, mwanangu. Hata giza hakuna. Unaita na sauti yako haiendi popote."

Nikaanza kubabaika. Nikamwambia labda bado ni mapema, labda kuna njia ya kupita kwanza, labda wako mbele wanamsubiri. Mimi, niliyekuja na kopo la chakula cha paka, namfundisha marehemu katekisimu! Akanigeukia na kunitazama kama unavyomtazama mtoto anayeuliza kwa nini mbuzi hajarudi kutoka machinjioni.

"Labda," akasema.

Neno hilo moja. Alilisema kwa huruma, ili kunifariji, na ndilo lililonimaliza.

Jua liliposhuka nyuma ya miti akasimama. Hakuniaga. Akaanza kutembea kufuata kijito, na Karani akanyanyuka akamfuata. Bibi akageuka, akampigia makofi kumfukuza.

"Rudi nyumbani, wewe! Huku hakuna kitu! Rudi!"

Paka hakusikia. Nami nikamwita, hakugeuka. Niliwaona wakienda, gauni la bluu na mkia wa kijivu ulioinuliwa juu, kati ya miti mitupu isiyoweza kumficha hata sungura. Halafu sikuwaona.

Karani hakurudi. Melvin alibandika picha yake kwenye nguzo za mtaa mzima, na mimi nikashindwa kuvumilia, nikamweleza yote isipokuwa yale ya kwenye gogo. Nilitegemea anifukuze. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, mara ya kwanza tangu nimjue:

"Mama alikuwa na furaha?"

"Alikuwa na furaha sana," nikamjibu.

Akalia, akanishukuru. Paka wawili waliobaki alimpa rafiki yake, nyumba ikauzwa, sikukanyaga tena mtaa ule.

Padri nilimwambia kila kitu. Alisema shetani hupenda kuvaa sura ya tunaowapenda, na huzuni humfungulia mlango. Huenda ni kweli. Namwomba Mungu iwe kweli. Lakini shetani angekuja kunitisha, au kunidanganya kwa utamu. Yule alijaribu kuninyamazisha. Misa bado nakwenda kila Jumapili. Kwenye Kanuni ya Imani, tukifika pale pa ufufuko wa wafu, naangalia viatu vyangu mpaka wenzangu wamalize.

Mama yangu yuko Morogoro, amezeeka, anaumwa. Nikipiga simu ananiambia, "Mimi sasa sina hofu, nimechoka tu. Namngoja baba yako anipokee." Nami namjibu, "Atakupokea, mama. Amekaa mlangoni anakusubiri." Nikishakata simu nakaa nayo mkononi. Ataondoka na maneno yangu, atafika, ataita. Nitakuwa nimemdanganya mama yangu kwa safari ambayo hawezi kurudi kuniuliza. Lakini ningemwambia nini?

Ni miaka minane sasa. Maua yakianza kuchomoza huku nje watu wanatoka na watoto wao, wanaketi kwenye nyasi, wanafurahi, na wana haki. Mimi navuta pazia.

Basi nisikilize. Ikitokea mtu wako akakurudia, usiogope, na usimkimbie. Mpe kiti. Mwite jina lake. Mkae juani mzungumze habari za hapa, za paka, za mboga, za mvua, mpaka aondoke mwenyewe. Ila alikotoka, usimuulize. Hata akikaa siku nzima, hata kama moyo unakupasuka, usimuulize.