Bega la Kushoto

Mnisamehe mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Juzi hapa Bondeni nilimwona mtoto akitawadha, nikajikumbuka utotoni nikisugua bega la kushoto kwa sabuni ya kipande. Nilidhani malaika huandika dhambi hapo kwenye ngozi.

“Unafuta nini?” mama aliniuliza.

“Mayai ya jirani. Niliyavunja mimi.”

“Dhambi haitoki kwa sabuni hiyo. Tubu kwa Mungu, halafu umwombe mwenyewe msamaha.”

Nilienda kwa jirani huyo, Mama Wanjiru. Jikoni kwake kulinukia vitunguu. Nikasema yote.

“Ngai! Mungu wangu! Na vile nimechapa paka kwa mayai hayo!” Alicheka. “Nimekusamehe, mtoto wangu.”

Nilirudi mbio, mikono juu kama mshindi, bega jepesi, likinukia sabuni.

Na wewe ulitubu nini utotoni? Niandikie, hata kwa mwandiko kama wangu.